Jozi Moja Imebaki

Njia mbili zilimshinda fisi.
Duka letu lina nne:
mlango wa kioo unaotazama barabara ya Piotrkowska,
tovuti, programu ya simu,
na kile kisanduku cha chuma pale kituo cha mafuta
ambamo viatu hulala usiku kucha
vikimngoja mwenye namba ya siri.

Meneja anasema zote nne ni duka moja,
mteja aingie kokote, akute kilekile.
Sawa. Lakini stoo ni yangu mimi, Bogumiła,
na stoo ina mlango mmoja
na taa inayokonyeza.

Jumanne, saa tatu asubuhi, theluji ya Łódź imegeuka tope.
Kompyuta inasema:
buti la ngozi, kahawia, namba thelathini na nane,
jozi moja imebaki.
Moja.
Na hiyo moja, dakika ileile,
bwana mmoja wa Gdynia kamnunulia mkewe akiwa bado kitandani,
mwanamke wa Radom kaitia kikapuni, kaenda kuchemsha chai,
na Bi Halszka, wa koti la buluu, yupo mbele yangu
keshavua soksi.

Subiri kidogo, mama.

Napanda ngazi. Nashuka. Nainama mvunguni.
Napata vumbi, kibandiko cha bei ya mwaka juzi,
na arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na moja,
maboksi hadi darini.
Hizo hazina mtu.
Zililetwa jozi mia na ishirini
kwa kuwa huko Warszawa kuna mtu alichora mstari ukapanda,
akauamini.

Napiga simu ghalani Stryków. Anapokea Mieczysław,
forklifti inalia nyuma yake.
"Thelathini na nane? Zimo kwenye kontena, dada.
Kontena limo melini. Meli ipo foleni nje ya Rotterdam.
Na ilichelewa kung'oa nanga kwa sababu ya soli,
na soli zilichelewa kwa sababu ya gundi."
Anasema kama anayesoma ukoo wa manabii:
gundi ikazaa soli, soli ikazaa buti,
buti likazaa kontena,
na mwisho wa nasaba yote hiyo
ni mimi, nimekaa juu ya ndoo,
boksi mapajani.

Kwa maana boksi nililipata.
Limeandikwa thelathini na nane, ni jepesi kuliko haki yake.
Ndani, kwenye karatasi yake laini,
mguu wa kulia.

Wa kushoto upo dirishani tangu Novemba
ukiwaita wapita njia.
Kompyuta haijui kushoto. Inajua jozi.

Naruka theluji ya pamba, namnyang'anya sanamu kiatu chake.
Taa imekinyonya rangi:
kulia kahawa, kushoto chai ya maziwa.
Namwonyesha Bi Halszka nikiwa tayari nimeinamisha kichwa.
Anavaa. Anatembea hadi kwenye mizani ya mizigo, anarudi.
Anaitazama miguu yake kama watoto wa baba wawili.
"Nipunguzie," anasema,
"na usinifungie. Natoka nayo."

Bwana wa Gdynia atapata ujumbe wa samahani
na kuponi ya asilimia kumi.
Wa Radom atarudi na kikombe chake
akute kikapu kinamtazama.
Sitakuwepo kuona nyuso zao.
Hilo ndilo jambo la njia hizi nyingine:
anayekosa hakosei mbele yako.

Sanamu kabaki mguu wazi.
Nachukua arobaini na moja, namvisha,
kinapwaya, najaza gazeti.

Jioni nakaa kwenye skrini.
Arobaini na moja: jozi mia na ishirini, inasema,
kijani kabisa, bila wasiwasi.
Mimi najua ni mia na kumi na tisa
na mguu mmoja.